Utamu Uliisha, Hamu Ikabaki

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili iliyopita kwenye mkutano wa kufunga mwaka wa kikoba chetu, hapa Morogoro, kabla ya mgao. Wanachama ambao hawakufika waliomba yaandikwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa sehemu moja ambapo watu walicheka mno nikasahau nilikuwa naelekea wapi.

Ndugu Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, na nyinyi vijana wangu wa bodaboda mliosimama pale dirishani kwa kuogopa kwamba mkikaa nitawachelewesha: habari za mchana?

Sijasikia. Habari za mchana?

Ahsanteni. Najua mnachosubiri. Mnasubiri sanduku lile. Mwaka mzima mmenunua hisa, mmelipa faini za kuchelewa, mmechangia mfuko wa jamii, na leo linafunguliwa. Mtu anayesimama kati ya mwanakikoba na mgao wake anatafuta ubaya. Lakini aliyenituma ni Mwenyekiti, kwa hiyo mkinuna mnunieni yeye.

Alinituma kwa sababu ya mgao wa mwaka jana. Sitataja mtu. Wapo kati yetu waliopokea bahasha Jumapili saa tisa alasiri, na Jumatano wakaja kuomba mkopo wa dharura. Siku tatu! Hawakununua bati, hawakulipa ada, hawakuuguza mtu. Bahasha ilipelekwa kwa wakala, pesa ikaingia kwenye simu, na kwenye simu ikaishia. Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, sema nao. Wewe unayajua."

Wengine mtadhani alisema hivyo kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu. Hapana. Nayajua kwa sababu nilibeti miaka minne.

Naona mmenyamaza. Afadhali.

Mchezo wenyewe ni halali, umesajiliwa, unalipa kodi, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003. Sikuja kusema na Bodi. Nimekuja kusema na nyinyi.

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wenu uwezekano, kidato cha nne. Sarafu ina pande mbili, dadu lina pande sita, haya yote nayajua nikiwa usingizini. Nipeni dakika mbili niwape somo la bure. Chukua mkeka wa mechi 12, yaani tiketi ya kubeti ambayo hailipi mpaka mechi zote ziingie ulivyotabiri. Weka timu kubwa tu, zile ambazo kijiweni wanasema "hii imeshaisha". Tuseme kila moja ina uhakika wa robo tatu: ikicheza mara 4, inashinda 3. Sasa zidisha robo tatu kwa robo tatu, mechi baada ya mechi. Ukifika mechi ya 8, umebaki na nafasi 1 kati ya 10. Ukifika ya 12, umebaki na 3 kati ya 100. Hizo ni timu za uhakika!

Tazama na malipo. Kwa haki, shilingi 1,000 yako ikishinda mkeka huo ingestahili kulipwa 31,500 na ushee. Lakini odi ya haki, ile namba ya kuzidishia pesa yako ukishinda, nani akupe? Tuseme kila mechi wanakata kidogo, badala ya 1.33 wanakupa 1.25. Unaona ni senti nane tu, unapita. Senti hizo nane zikizidishwa mara kumi na mbili, unalipwa 14,500. Zaidi ya nusu ya haki yako imeliwa kabla mpira haujawekwa kati.

Haya niliyaandika ubaoni, kwa chaki, kwa mkono huu, saa nne asubuhi. Saa kumi jioni mkono huu huu ukatengeneza mkeka wa mechi 12. Mmenielewa? Kujua hakukunisaidia kitu. Kwa hiyo wazee mnaowaambia vijana "unabeti kwa sababu huna akili", tulieni kidogo. Mimi akili ninayo, nina na cheti.

Ilianzaje? Ilianza na sufuria.

Wazee mnamkumbuka Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, na siku ya kurudisha akaweka ndani yake kisufuria kidogo. Jirani akauliza, na hiki? Abunuwasi akajibu, "Hongera, sufuria yako imezaa." Jirani hakubisha. Alipokea vyote viwili akafunga mlango haraka haraka. Mara ya pili Abunuwasi akaazima sufuria kubwa, na hiyo haikurudi. Alipofuatwa akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Sufuria imekufa." Jirani akapiga kelele hadi kwa kadhi: sufuria inakufaje? Akaulizwa, mbona ilipozaa hukushangaa?

Sufuria yangu ilizaa mwaka 2016. Niliweka shilingi 500. Mkeka wenyewe alinitengenezea kijana mmoja wa kijiweni, sikujua hata timu. Nikapata 61,000. Nilinunua kuku wawili na mafuta ya kula lita tatu, nikaingia nyumbani kama mtu aliyetoka Oman. Mke wangu akauliza pesa imetoka wapi, nikasema ni malipo ya kusahihisha mitihani. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulihusu pesa iliyoingia. Uongo wa pesa iliyotoka ulifuata baadaye, na ule haukuwa na idadi. Lakini siku ile nilishangaa? Nilijiuliza mtu gani anagawa 61,000 kwa 500 na anapata faida gani? Sikujiuliza. Sufuria imezaa, nafunga mlango.

Halafu kuna kitu kinaitwa "moja tu". Wachezaji mnakijua, msiangalie chini. Mechi 12, kumi na moja zimeingia, ya kumi na mbili inachana mkeka dakika ya 88. Unapiga paja: "Moja tu!" Unalala nayo. Asubuhi hujioni kama mtu aliyeliwa, unajiona kama mtu aliyekaribia, na aliyekaribia hawezi kuacha leo, si ndiyo?

Basi rudini ubaoni. Mkeka ule ule wa mechi 12 una nafasi 3 kati ya 100 za kushinda. Nafasi za kukosa kwa mechi moja tu ni ngapi? Karibu 13 kati ya 100. Mara nne! Kwa kila mkeka utakaokulipa, ipo minne itakayokuambia "ulikaribia". Hukukaribia popote. Mkeka umesukwa hivyo.

Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kubahatisha mfano wa dubwi, zile picha zinazozunguka. Picha iliposimama hatua moja kabla ya ushindi, ubongo uliwaka sehemu zilezile zinazowaka mtu anaposhinda kweli. Wachezaji wenyewe walisema kukosa namna ile kunaudhi. Wanaudhika, na papo hapo wanatamani kurudia, hasa walipokuwa wamechagua picha kwa mkono wao. Na mkeka anachagua nani? Unachagua mwenyewe, timu kwa timu, umekaa kama daktari.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano. Siku moja nipo sebuleni nasahihisha madaftari, yeye yuko chini kwenye jamvi anachezea kasha tupu la simu. Anabonyeza, anabonyeza, anatazama. Mara akapiga paja kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti yangu kabisa, "Aaah! Moja tu!"

Mama yake alikuwa mlangoni na ungo. Hakusema neno. Aliendelea kupepeta mchele.

Ndugu zangu, niwaulize swali, mnijibie moyoni. Kila mtu ana kitu chake. Mwingine kubeti, mwingine konyagi, mwingine mirungi, mwingine simu, mwingine kukopa huku ili alipe kule. Sitaki kukijua. Mara ya mwisho ulipokifanya, ulifurahi? Sikuulizi kama ulikitaka. Ulikitaka sana, hilo najua. Nauliza, ulifurahi?

Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana kama mapacha: hamu na utamu. Kwa kuwa yanafanana, tunadhani yanatembea pamoja. Ninachokionea hamu lazima kina utamu, kikiisha utamu hamu nayo itaisha. Nimeambiwa na masheikh kwamba hamu kwa Kiarabu ni wasiwasi, dhiki ya moyo. Sikushangaa hata kidogo.

Yupo mtaalamu mmoja Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan, anaitwa Kent Berridge. Tangu miaka ya 1980 kazi yake ni panya. Panya akionja sukari hulamba midomo, kama mtoto mchanga anavyofanya. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ile kemikali ya ubongo inayoitwa dopamini ndiyo raha yenyewe. Berridge na wenzake wakachukua panya ambao dopamini yao ilikuwa imeondolewa karibu yote, wakitarajia raha itakufa. Wakawadondoshea sukari ulimini. Panya wakalamba midomo kama kawaida! Utamu upo palepale. Kilichokufa ni kitu kingine. Chakula kikiwekwa mbele yao, hawasogei. Wangekufa njaa na sahani iko puani, mpaka walishwe kwa mpira. Utamu umebaki, hamu imekwenda.

Kisha wakafanya kinyume chake, wakauchochea mfumo ule wa hamu kwa umeme. Panya wakala, wakala, wakala. Na utamu? Ukiwatazama midomo, haukuongezeka hata chembe.

Yaani ubongo una jiko mbili. Moja inapika hamu, nyingine inapika utamu, na ile ya hamu inaweza kuwaka peke yake usiku kucha na chungu kitupu.

Mimi nilikuwa panya wa pili. Ushahidi ninao. Mimi ni Yanga, Mwenyekiti anisamehe. Kabla ya 2016, siku ya Yanga na Simba nilikuwa silali. Nilipoingia kwenye kubeti, nikaanza kutazama mpira bila kushangilia. Nikawa nahesabu kona. Goli la Yanga linaingia, ukumbi mzima unaruka, mimi nimekaa, kwa sababu nilikuwa nimeweka magoli chini ya mawili. Walininyang'anya pesa, hiyo sawa, lakini Yanga! Hata Yanga!

Kisha ikaja corona. Machi 2020 ligi yetu ikasimama, shule zikafungwa, Ulaya kimya. Mtu angesema hapo nitapumzika. Ikabaki nchi moja ya Ulaya ambayo ligi yake haikusimama: Belarus. Walimu wenzangu walikuwa wanalima mchicha. Mimi nilikuwa najua Slutsk wamefungwa na nani. Slutsk ni timu. Mji wenyewe sijui uko upande gani wa Belarus, mpaka leo sijui. Na mpira wenyewe sikuwa nauona, nilikuwa natazama namba zikibadilika kwenye kioo. Nawaulizeni, huo ulikuwa utamu gani?

Mtasema: Mwalimu, wewe ulikuwa unapata vidogo. Mimi nikipata ile kubwa naacha. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wengine hadi dola milioni moja. Wakawalinganisha na watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda kitu. Furaha yao haikupishana sana. Lakini walipoulizwa kuhusu mambo madogo, kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho, kupata kifungua kinywa, washindi waliyaonea ladha ndogo kuliko wenzao. Chai na chapati ilikuwa imepoa kwao.

Akina mama naona mnacheka na kuwanyooshea vidole waume zenu. Taratibu.

Marekani hukohuko, katikati ya karne iliyopita, B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe wapate punje. Punje ikija kila mara, njiwa anakula kwa nafasi yake. Ukiifanya ije kwa kubahatisha, mara baada ya kudonoa tatu, mara baada ya arobaini, njiwa hatulii. Anadonoa kwa kasi bila kupumzika, na hata ukikata punje kabisa anaendelea kudonoa muda mrefu. Asichokijua ndicho kinachomshika.

Sasa wewe mama umechukua simu uangalie saa. Dakika arobaini baadaye uko kwenye harusi ya mtu usiyemjua huko Mwanza, unamkosoa bibi harusi, wali unanuka moshi, na saa hukuiangalia. Video inayofuata inaweza kuwa upuuzi, inaweza kuwa kichekesho cha mwaka. Hujui, ndiyo maana kidole kinadonoa. Zamani kurasa za mtandaoni zilikuwa na mwisho, unafika chini unaamua kuendelea au kulala. Mwaka 2006 mtengeneza programu mmoja, Aza Raskin, akabuni ukurasa usio na mwisho. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Sisi tuliokwisha kuunguza wali, majuto yake tuyapeleke wapi?

Na kuna habari ya sare. Mwaka huu kikoba hiki kimeshona vitenge vya sare mara tatu. Mwenyekiti, nitaliacha hilo.

Niende kwenye jambo lililonitoa. Nalo lilinishangaza, kwa sababu nilitegemea kuambiwa "kaza moyo". Moyo niliukaza kila Jumatatu. Ijumaa ulikuwa umelegea.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilipata hofu. Wanajeshi wake waliokuwa Vietnam walikuwa wanatumia heroini, unga kama tunavyouita, na walikuwa wengi. Kila mtu aliamini kwamba akishanasa kwenye unga mtu hatoki, kwa hiyo jeshi zima la mateja linarudi nyumbani. Mtafiti mmoja mwanamke, Lee Robins, akapewa kazi ya kuwafuatilia. Aliwahoji. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa kule. Alipowafuata makwao baada ya mwaka, alikuta nini? Katika kila 100 waliokuwa waraibu Vietnam, waliorudia uraibu walikuwa kama 5. Watu waligoma kuamini. Walimshambulia yule mama kwa takwimu zake.

Wale vijana walikuwa na mioyo ya chuma? Hapana, walikuwa vijana kama hawa wa dirishani. Walichokiacha nyuma kilikuwa zaidi ya unga. Waliacha kona ya kuuziwa, bei ya chini, wenzao wa kuvuta nao, woga, na zile saa za kukaa bila kazi ukisubiri kufa. Walipanda ndege, wakashuka mahali ambapo mama anapika, baba anauliza kazi vipi, na kila kilichokuwa kinaita hamu kimebaki ng'ambo ya bahari.

Hapa niseme kitu haraka, nisije nikaeleweka vibaya. Unga si mchezo. Mwenye kijana anayetumia, asimwambie ahame mtaa halafu basi. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ni ugonjwa wa mwili, si utovu wa adabu. Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadone, dawa ya kutuliza arosto, mwaka 2011, mgonjwa anakwenda kila siku anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na wapo watu walioshika kazi zao tena kwa njia hiyo. Mpeleke hospitali. Usimfungie chumbani.

Lakini sisi wa kubeti, sisi wa simu, shida yetu ni nini? Ni kwamba hatuna ndege ya kuturudisha nyumbani. Vietnam yetu iko mfukoni. Tunalala nayo chini ya mto, tunaichaji!

Nilianza kwa kuiandikia kampuni ujumbe: naomba mnifungie akaunti. Wakanijibu kwa kunipa bonasi. Mkeka wa bure! Nikaucheza, ndiyo. Ukachana.

Nikauza simu janja, nikanunua kitochi. Hiki hapa. Betri inakaa siku nne. Wanafunzi wangu walicheka mpaka wakachoka. Na naona kijana pale anataka kuniambia kwamba hata kitochi kinabeti, unabonyeza nyota na reli. Kweli kabisa. Ndiyo maana laini yenye pesa haikai kwenye kitochi hiki. Iko kwa mama watoto, na namba ya siri anayo yeye. Nikitaka nauli, naomba. Chekeni, wanaume wenzangu, chekeni. Mwezi wa kwanza niliona aibu. Mwezi wa tatu nilimkuta ananunua bati moja moja, anazipanga nyuma ya nyumba bila kuniambia.

Nikabadilisha njia. Kutoka shuleni nilikuwa napita mbele ya kibanda umiza, ile kelele ya goli inatoka nje kama harufu ya nyama choma. Sasa nazunguka kwa nyuma, nyumba za wauza mkaa. Ni mbali zaidi, viatu vinachafuka.

Na hamu yenyewe? Ilikuja. Jumamosi kuanzia saa kumi jioni ilikuwa inanishika hapa, kifuani, mikono haitulii. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa mgao, na siku ya zamu ni hiyohiyo. Nikachukua ndoo. Mwalimu wa hesabu hawezi kukaa bila kuhesabu, kwa hiyo nikahesabu. Ndoo ya kwanza na ya pili, nawaza mkeka tu. Ya nne, nimekasirika, namchukia kila mtu. Kwa kawaida ndoo ya sita ilikuwa inaanza kulegea. Haikuisha, ililegea. Tangu tujenge pale, pipa letu halikuwahi kujaa namna ile. Majirani walidhani tunaanzisha biashara ya maji.

Nilianguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Februari 2021. Nilikopa kwa simu ya mwalimu mwenzangu, nikaingia kibanda umiza, nikatoka sina kitu na nina deni. Nilikaa nje ya nyumba yangu mpaka saa tano usiku. Nikaingia nikamwambia mke wangu yote, mpaka shilingi ya mwisho. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Leo umekuja kusema mwenyewe. Kaa ule."

Kilikuwa kisamvu. Hata nikiulizwa miaka ishirini ijayo, nitasema kilikuwa kisamvu.

Sasa nimalize, maana naona Katibu anatazama saa, na ya kwake ni ya mkononi, siwezi kumlaumu.

Angalieni sanduku lile. Lina kufuli ngapi? Semeni kwa sauti. Tatu! Funguo ziko kwa nani? Kwa watu watatu. Na sanduku analala nalo nani? Mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Vikundi vya namna hii vilianza mwaka 1991 huko Niger, Maradi, kwa akina mama wa vijijini, na vikasambaa mpaka vikatufikia.

Je, tuliweka kufuli tatu kwa sababu Mama Mweka Hazina ni mwizi? Mama huyu mwaka juzi alirudisha shilingi 200 iliyozidi kwenye hesabu, tukakaa nusu saa tunatafuta ni ya nani. Si mwizi. Lakini tulijua kuna usiku mtoto anaumwa. Kuna usiku shemeji amepiga simu analia. Kuna usiku mkono unafika kabla ya akili. Hatukumwambia mama wa watu "kaza moyo". Tulimpa kufuli, na hajawahi kuona ametukanwa.

Na simu yako wewe ina kufuli ngapi?

Kamati imekubali jambo moja, nami nimepewa nafasi ya kulitangaza. Katibu ana karatasi pale mlangoni. Ambaye hataki mgao wake upite mkononi mwake aandike jina. Kama ni ada, mtu wa kamati atakwenda kulipa shuleni na kukuletea risiti. Kama ni bati au saruji, italipwa dukani. Kama unataka ibaki kwenye kikoba iwe hisa za mzunguko ujao, andika hivyo. Hakuna atakayeulizwa kwa nini.

Mimi ni namba 17 kwenye daftari. Mama Mweka Hazina, ukifika 17 usiniite mimi. Muite mama watoto, yule pale mwenye kanga ya kijani, anayejifanya hanijui.